Lipu Nyeupe ya Mkurugenzi Msaidizi

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huandika shajara, na mimi nimebakiza siku kumi na tisa tu kuwa mkubwa.

Kwa watakaoisoma baadaye: mimi ni Elimringi, mtoto wa Machame, miaka ishirini na sita. Nilikuja Karatu kuongoza watalii. Nilidumu wiki mbili. Mtalii aliniuliza yule ni ndege gani, nikamjibu ni ndege wa kawaida. Sasa ni mwanafunzi wa vitendo hapa kituoni, Kansay ya chini, kwenye nchi kavu inayoteremkia Ziwa Eyasi. Tunajifunza kilimo cha kudumu na ujenzi wa udongo. Hakuna saruji. Maji ya kunawia yanakwenda kwenye migomba, majivu ya jikoni yanakwenda chooni, na cha chooni, kikishaoza mwaka mzima, kinakwenda kwenye miti. Hapa hakitupwi kitu. Nadhani ndiyo maana walinipokea.

(Migomba yenyewe imepandwa shimoni! Mimi, Mchaga, nafundishwa mgomba na Mwiraqw! Nimevumilia.)

Leo Mama Cresensia, mwenye kituo, ametangaza nafasi moja ya mwalimu msaidizi. Moja. Wanafunzi tupo wawili, mimi na Wilibrodi. Mama Cresensia alizaliwa hapa hapa, akasomea kilimo, akarudi. Ni mwanamke mzuri ila hacheki kabla ya saa nne asubuhi. Ameamua hivi: tumalizie nyumba ya Bibi Angelina, mjane jirani yetu, ambaye nyumba yake ya zamani iliangushwa na mvua za masika. Kuta mpya tumeshapandisha. Imebaki lipu. Wilibrodi apige lipu ya chumba cha kulala, mimi ya jiko, ndani na nje. Wazee wa kijiji watakagua Jumamosi tarehe 21. Mshindi anabaki na kazi. Mwingine anafunga mzigo.

Kufunga mzigo kwangu maana yake ni kurudi Machame kwenye mashine ya kusaga ya kaka Noel, niwe mweupe wa unga kutoka kichwani hadi miguuni, naye aniite "kijana wangu" mbele ya wateja. Afadhali nile mboji.

Huyo Wilibrodi ni wa Mbulumbulu. Mkulima, mtoto wa mkulima. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Hajisifu. Hajawahi kunitendea ubaya wowote, na simpendi kabisa.

Jumatano, 4 Agosti

Nimemwandikia Mama yangu, Machame. Nilikusudia kumwambia kwamba huenda, Mungu akipenda, nikapata ualimu msaidizi. Kalamu ikaenda yenyewe. Nilipotazama, ilikuwa imeandika "Mkurugenzi Msaidizi". Karatasi ilikuwa ya mwisho. Ningefanyaje? Barua nimempa dereva wa lori la vitunguu litokalo Mang'ola. Moyo mwepesi.

Kazi: lipu ni tabaka tatu. Udongo mwekundu, mchanga, samadi mbichi. Kila tabaka likauke siku tatu. Tatizo ni samadi. Ni kiangazi, ng'ombe wako mbali wanakotafuta majani. Mama Cresensia ameshawabembeleza wafugaji mara tatu waje walaze mifugo kwenye shamba letu, kwa kuwa kuna mashimo mia mbili ya miti yanayongoja samadi. Hakuna aliyekuja.

Wilibrodi anamfuata ng'ombe mmoja wa jirani na ndoo. Ng'ombe akisimama, naye anasimama. Nimemtazama saa nzima. Mtu mzima, anangoja kwa heshima kama yuko kwenye foleni ya posta. Mimi siwezi kumngoja ng'ombe. Nina akili.

Ijumaa, 6 Agosti

Akili imeleta jibu. Kwenye stoo kuna pipa la molasi ya kuchachushia mboji. Molasi inanata. Kinachonata hushika ukuta. Samadi ya nini?

Saa tano asubuhi nikapaka ukuta wa nyuma wa jiko. Ukang'aa! Saa sita kasoro wakafika nyuki. Sikuwa nimekumbuka mizinga. Ipo sita, imening'inizwa kwenye mgunga ule mkubwa, hatua ishirini kutoka jikoni. Nikakimbilia tangi la maji ya mvua. Nikazama mzima.

Aliyenitoa ni Wilibrodi. Akanichomoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha, bila kucheka. Kutocheka kwake kuliniuma kuliko nyuki. Mama Cresensia akasema hata mtoto wa chekechea anajua kwamba molasi huita nyuki, na kwamba pipa na mgunga visikaribiane tena maisha yangu yote. Nimeandika ukutani juu ya kitanda kwa wino mwekundu: MOLASI NA MIZINGA, KAMWE!

Jumanne, 10 Agosti

Siku nne za kukwangua molasi. Uvimbe wa mdomo umepungua kidogo. Wilibrodi yuko tabaka la pili.

Jibu la Mama limefika. Hajawahi kujibu barua upesi hivi. Anakuja! Ijumaa tarehe 20, kuiona ofisi yangu kwa macho yake. Ameshawaambia wanakwaya wenzake na mchungaji.

Juu ya bahasha ameandika kwa herufi kubwa: NDUGU ELIMRINGI, MKURUGENZI MSAIDIZI. Aliyeipokea kwa dereva ni Wilibrodi. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema shikamoo Mkurugenzi. Basi. Hakumwambia mtu. Nimejifunika shuka hadi wakati wa chakula.

Sasa lazima nishinde. Nikiwa mwalimu msaidizi, kutoka hapo hadi mkurugenzi msaidizi ni neno moja tu. Mama hatalitilia maanani.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimepata!

Nilishuka bondeni kutafuta mchanga. Pale chini, ambako maji ya masika hutuama kisha yakakauka, kuna udongo mweupe pee. Laini. Ardhi yake ina vijishimo na mifereji mifereji iliyosuguliwa vizuri. Bila shaka ni upepo. Nikachota kidogo, nikatia maji, nikapaka kwenye jiwe. Kufika adhuhuri umekauka, unang'aa kama sahani ya harusi. Bila samadi hata punje!

Akatokea Koinet, mfugaji wa Kimaasai aliyehamishia ng'ombe wake ng'ambo ya bonde. Akauliza, ero, yaani kijana, unafanya nini hapo? Akasema huo udongo ni wa ng'ombe. Lakini Koinet husema hata mvua ni ya ng'ombe. Nikajua anataka kunizunguka. Nikamwambia nauchukua kwa ajili ya dawa, nina tumbo. Akalitazama tumbo langu kwa huruma, akanitakia nafuu, akaenda zake.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeazima punda wa Bibi Angelina. Safari kumi na moja. Nimesomba udongo wote, nikafagia na chini. Sikumbakizia Wilibrodi hata kijiko! Gunia moja lilikuwa limetoboka, nimeacha mstari mweupe kutoka bondeni hadi jikoni, ila si hoja.

Punda amenipenda ghafla. Ananifuata kila niendako na kunilamba mikono. Wanyama humtambua kiongozi.

Mama Cresensia amekwenda Arusha semina, atarudi Ijumaa. Hakuna wa kuniuliza maswali. Wilibrodi aliuliza udongo huu nimeutoa wapi. Nikamjibu ni siri ya kazi.

Jumanne, 17 Agosti

Lipu imekamilika, tabaka tatu kwa siku tatu. Haijapata kuonekana Kansay. Nimeifunika kwa turubai ili Wilibrodi asiibe wazo, lakini jioni nilimfunulia Bibi Angelina, kwa kuwa jiko ni lake.

Bibi akapapasa ukuta. Akalamba kidole. Akasema, mjukuu wangu, zungushia miiba. Leo leo. Nikamwambia asiogope, hakuna wezi wa kuta. Akasema hasemi wezi. Akaanza kueleza habari za kwao zamani, za baba yake na mifugo na safari za kushuka kreta, nikaona itakuwa ndefu. Wazee wanapenda hadithi. Na miiba ingeficha urembo wote mbele ya wakaguzi! Nikamwitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, nikaenda kula.

Chumba cha Wilibrodi ni chekundu, kimenyooka, kinanuka ng'ombe. Maskini. Nimeanza kumwonea huruma.

Ijumaa, 20 Agosti

Niandike upesi kabla mkono haujakataa.

Asubuhi niliondoa turubai ili ukuta ung'ae Mama akifika. Nikaenda Karatu kumpokea. Kaja na mkungu wa ndizi, na kofia ya heshima ya baba, ya mimi kuvaa ofisini. Tukarudi kwa lori la vitunguu, yeye mbele na dereva, akimweleza habari zangu. Nilizisikia kutoka nyuma juu ya magunia. Nilipendeza sana katika habari hizo.

Saa tisa tukafika. Tukapinda kona.

Ng'ombe! Arobaini na mmoja. Wamelizunguka jiko la Bibi Angelina pande zote, wengine wameingia ndani, kila ulimi unafanya kazi. Hawakugombana hata kidogo. Lipu ya nje imekwisha hadi tofali, na tofali wameanza. Punda alikuwa katikati, mahali pazuri kuliko wote.

Koinet amesimama pembeni na fimbo yake. Akanieleza kwa upole kwamba ng'ombe wake hushuka bondeni kulamba chumvi kila baada ya muda, leo wamefika wakakuta pamefagiliwa, wakafuata mstari mweupe. Alijaribu kuwarudisha. Ng'ombe mwenye kiu ya chumvi hasikii. Kisha akaniuliza tumbo linaendeleaje.

Kwetu Machame ng'ombe hukaa bandani, analetewa kila kitu mdomoni, hata chumvi. Nani angejua kwamba wengine huifuata wenyewe?

Mama akatazama kundi lote. Akauliza kwa sauti ndogo, hawa wote ni wa ofisi yako? Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo.

Hapo akatokea Mama Cresensia, amerudi Arusha, begi bado mkononi. Akauliza huyu mwanafunzi amefanya nini tena. Mama akarudia lile neno, mwanafunzi? Wilibrodi akaangalia viatu vyake. Nikatamani lile tangi la maji.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni Bibi Angelina. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono magotini, anatazama jiko lake likiliwa. Hakunigombeza. Hakusema nilikwambia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, je, mvua hizi pia atapikia nje? Nimeona aibu. Si aibu ya kuonekana, hiyo naizoea. Nyingine.

Jumamosi, 21 Agosti

Niliamka saa kumi na moja, mara ya kwanza maishani, nikidhani nitaondoka kabla ya watu. Nikawakuta wameshaamka wote.

Wilibrodi alikuwa analeta toroli la udongo wake mwekundu uliobaki. Nikamwambia asijisumbue, ameshashinda. Akasema mvua haiulizi nani ameshinda. Halafu akaongeza, shika upande huu, Mkurugenzi.

Na Mama yangu! Amefunga khanga kiunoni, amepiga magoti uani, anakanda samadi kwa mikono miwili, Bibi Angelina pembeni yake akimwongezea maji. Wote wawili walizipiga lipu nyumba za mama zao wakiwa wasichana, mmoja Machame mmoja Kansay, na sasa wanabishana kuhusu mchanga kama ndugu wa tumbo moja.

Samadi imetoka wapi? Hapo ndipo pa ajabu. Ng'ombe arobaini na mmoja, jioni nzima, wamelamba chumvi wakanywa na maji. Uwanja haukanyagiki! Wazee walipofika kukagua hawakuona lipu ya kukagua, wakasimama mbali wakiwa wameshika suruali. Mama Cresensia akaenda katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Akageuka huku, akageuka kule. Miezi mitatu anabembeleza samadi. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika bega la mzee wa kitongoji. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Naandika saa ili iwe kumbukumbu.

Ukaguzi umeahirishwa hadi Jumatatu tarehe 30.

Mchana nilibaki na Mama peke yetu ukutani. Nikamwambia kila kitu, mpaka ndege wa kawaida. Akaendelea kupaka. Akasema baba yako alinidanganya kwamba ana vihamba viwili vya migomba, nikaja nikakuta kimoja, nikakaa naye miaka thelathini katika hicho kimoja. Akasema ungeniandikia kwamba unazoa mavi ya ng'ombe ningekuja vilevile, tena ningevaa viatu vinavyofaa. Nikalia. Nilisema ni vumbi. Vumbi halikuwepo, tulikuwa tumelimwagia maji.

Alhamisi, 26 Agosti

Tabaka la pili. Nangoja likauke. Nangoja! Wilibrodi amenifundisha kulibonyeza kwa kidole gumba kujua kama liko tayari. Mama anapika ndizi kwa kituo kizima na amelikosoa shimo la migomba, kisha kimyakimya akamwomba Mama Cresensia amwonyeshe linavyochimbwa.

Sijapanga hila yoyote siku tano. Najisikia mgonjwa.

Jumatatu, 30 Agosti

Wazee wamekagua. Wamebonyeza, wamegonga, mmoja amelamba kwa tahadhari. Jiko limepita! Chumba cha kulala kimepita zaidi. Wilibrodi ndiye mwalimu msaidizi. Nilijua. Nikampa mkono, na cha ajabu nilifurahi kwelikweli, kwa dakika kama mbili.

Bibi Angelina akawasha moto kwenye mafiga yake mapya, akapika makande, tukala sote tumeegemea ukuta. Moshi ulitoka pale pale tulipopanga utoke. Akaniwekea mimi kwanza, kabla ya wazee. Akasema kijana aliyeharibu akabaki kutengeneza ni wa kulishwa.

Nikainuka kwenda kufunga mzigo. Mama Cresensia akaniuliza naenda wapi. Akasema amezungumza na Koinet. Ule udongo wa chumvi uliobaki urudishwe bondeni ulikotoka, na kituo kinunue chumvi ya mawe, iwekwe kwenye mahori kando ya mashimo ya miti. Ng'ombe waje walambe, waache samadi, waende. Anatakiwa mtu wa kuyatunza mahori. Miezi sita, chumba na chakula, halafu tutaona. Akasema katika miaka minane ya kituo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuleta ng'ombe arobaini na mmoja kwa siku moja, kwa makusudi wala kwa ujinga.

Sirudi kwenye unga! Mama akapiga kigelegele, Koinet akanipa fimbo, punda akanilamba.

Jumanne, 31 Agosti

Nimemsindikiza Mama barabarani. Ile kofia ameniachia. Akasema huko nyumbani atawaambia wanakwaya kwamba mwanawe ana ng'ombe arobaini na mmoja. Nikamwambia Mama, huo ni uongo. Akasema hapana, ni kufupisha.

Nimejifunza mengi katika mwezi huu, na leo nayaandika ili nisiyasahau. Kuwasikiliza wenyeji. Kungoja. Kusema kweli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Nimeanza kazi leo leo. Nina wasiwasi mmoja tu. Ng'ombe wa Koinet watakuja, sawa. Lakini kuna makundi mengine ng'ambo ya bonde, makubwa zaidi, na chumvi wanayo kwao. Watatoka huko kwa ajili ya nini? Inabidi kuwe na utamu. Nikawaza. Nikakumbuka kwamba stoo kuna pipa la molasi, nusu nzima, na tangu mwezi ulipoanza hakuna aliyeligusa. Ng'ombe anapenda molasi, kila Mchaga anajua!

Mahori yalikuwa juani. Mnyama hali vizuri juani. Nimeyavuta mwenyewe hadi penye kivuli, na kivuli hapa ni kimoja tu, ule mgunga mkubwa. Mama Cresensia na Wilibrodi wako shambani, nitawaonyesha kikiwa tayari. Barua ya Mama nimeshaianza. Nimetia sahihi, Elimringi, Mkurugenzi wa Mifugo.

Saa tano asubuhi. Nimepaka mahori yote manne, na fimbo, na kidogo kwenye kofia kwa bahati mbaya. Harufu nzuri ajabu! Naandika nikiwa nimekaa kivulini, nangoja makundi yatokee. Juu yangu majani yameanza kuvuma. Bila shaka ni upepo.